Vilima vya Cotswolds vina mlango wa uani: jibu kwa muuguzi wa Gloucester

Swali

Shikamoo kaka. Mimi ni muuguzi, mtu wa Shinyanga, na huu ni mwaka wa tatu niko Gloucester, Uingereza. Nyumbani baiskeli ndiyo ilikuwa miguu yangu: shuleni, sokoni, kisimani, kote. Hapa nimenunua baiskeli ya mbio iliyotumika, ile ya usukani uliopinda kama pembe za kondoo, nikidhani nitaendelea pale nilipoachia. Kaka, nimeshindwa. Kila nikielekea upande wa vilima nashuka na kusukuma, na mara mbili nimerudi nyumbani nalia. Vinjia vyenyewe ni vyembamba, ua wa miti umebana pande zote mbili, gari likija sina pa kukimbilia. Mume wangu anasema nipite barabara kuu kwa sababu ni pana. Wenzangu wa wodini wamenialika tuendeshe kilomita 60 mwezi wa tano. Niwaambie tu ukweli kwamba miguu yangu haiwezi? Na huko vijijini, mtu kama mimi si nitashangaliwa?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Usiwaambie hivyo, kwa sababu si kweli. Nimeitazama vizuri picha ya baiskeli uliyonitumia. Kabla hatujaisema vibaya miguu yako, naomba uipindue baiskeli, ikae kwa kiti na usukani, kisha uhesabu meno. Mbele kuna sahani mbili za meno. Hesabu ile ndogo. Nyuma kuna rundo la sproketi, yaani zile sahani ndogo za meno zinazoshika cheni. Hesabu ile kubwa kuliko zote, iliyo karibu na spoki. Kwa umri wa baiskeli hiyo natarajia utakuta 39 mbele na 25 nyuma, au karibu na hapo. Gia za namna hiyo zilikusudiwa vijana wa mashindano wanaofanya mazoezi kila siku. Hazikukusudiwa mtu aliyetoka zamu ya usiku.

Tupige hesabu kidogo, maana hesabu hii imewaondolea watu wengi aibu ambayo haikuwa yao. Kwa 39 mbele na 25 nyuma, pedali ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara 1.56. Mzingo wa gurudumu ni kama mita 2.1, kwa hiyo unasogea mita 3.3. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, na huo tayari ni mzunguko wa polepole, unakwenda karibu kilomita 12 kwa saa. Sasa chukua mwili wako, baiskeli, maji na koti, tuseme kilo 75 kwa jumla, uviweke kwenye mwinuko wa asilimia 15. Kuupandisha uzito huo kwa mwendo huo kunataka zaidi ya wati 350. Mtu mzima mwenye afya, asiye mwanariadha, hutoa wati 150 hadi 200 akiweza kuendelea nazo. Hizo 350 atazitoa dakika moja au mbili, kisha pumzi inakata. Na ukisema upunguze mwendo ili upumue, pedali inazidi kuwa nzito mpaka inasimama. Hicho ndicho kinachokushusha kwenye baiskeli.

Weka sasa meno 34 mbele na 34 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 2.1. Zungusha mara 50 kwa dakika kwenye mwinuko uleule: unakwenda kilomita 6 na kidogo kwa saa, na unahitaji kama wati 190. Ni kazi ngumu, lakini ni kazi unayoiweza. Na asikuambie mtu kwamba gia nyepesi ni ya wanyonge. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundwa na mwendesha baiskeli Mkenya David Kinjah kwenye vilima vya Kikuyu, alishinda Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, mara nne, na milima mikali aliipanda kwa miguu inayozunguka harakaharaka juu ya gia nyepesi.

Peleka baiskeli kwa fundi ukiwa na namba zako mbili mkononi. Nikuonye mapema: sahani ya meno 34 kwa kawaida haikai kwenye mikono ya pedali iliyotengenezewa 39, hivyo mara nyingi hubidi kubadilisha mikono yenyewe pamoja na sahani zake. Na ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni, kwenye baiskeli za zamani huwa mfupi, hauwezi kubeba sproketi kubwa. Ukijumlisha hivyo viwili, cheni mpya na ufundi, gharama inaweza kukaribia bei uliyonunulia baiskeli. Ikifika hapo, mimi ningeiuza na kutafuta nyingine iliyotumika ambayo tayari ina gia nyepesi na nafasi ya tairi pana, milimita 28 au 32. Usiione kama hasara. Baiskeli isiyokufaa, kila safari itakudai.

Sasa tuje kwenye vilima vyenyewe. Mtu wa nyumbani anapofika Uingereza na kusikia kwamba kilima kirefu kuliko vyote hapo kwenu, Cleeve Hill, kina mita 330 tu kutoka usawa wa bahari, anajiuliza shida iko wapi. Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto hupanda karibu mita 1,000. Lakini inazipanda kwa zaidi ya kilomita 30, ikizunguka na kuzunguka, kwa hiyo wastani wa mwinuko wake ni kama asilimia 3. Vinjia vya Uingereza havikuchorwa na mhandisi aliyemwonea huruma mwenye gurudumu. Ni mapito ya zamani ya watu, ng'ombe, kondoo na mikokoteni, yaliyokwenda moja kwa moja kutoka mtoni hadi juu, na baadaye yakamwagiwa lami. Kwa hiyo kilima ni kifupi, kilomita moja au mbili, lakini kina sehemu za asilimia 12, 15, hata 20. Waingereza wamekuwa na mashindano ya taifa ya kupanda kilima kwa baiskeli tangu 1944, na mshindi hutumia dakika chache tu kutoka chini hadi juu. Vilima vyao ndivyo vilivyo: vifupi na vikali.

Na wewe, dada, unaishi upande mbaya wa vilima hivyo. Cotswolds ni bapa kubwa la mwamba wa chokaa lililoinuliwa upande mmoja. Fikiria paa la kibanda lenye mgongo mmoja. Magharibi, upande unaotazama Gloucester, Cheltenham na mto Severn, ni ukuta. Mashariki, paa linashuka taratibu mpaka bonde la Thames. Gloucester iko chini kabisa ya ukuta, mita 20 hivi kutoka usawa wa bahari. Kila ukitoka nyumbani kuelekea vilima, jambo la kwanza unalokutana nalo ni ukuta huo, mwili haujapata hata moto. Umekuwa ukijaribu kuingia nyumba hii kwa kukwea ukuta wa mbele, na mlango wa uani uko wazi.

Mlango wenyewe ni huu. Jumapili asubuhi panda treni Gloucester ukiwa na baiskeli, ile ya kwenda Swindon na London. Uliza mapema kama lazima uiwekee baiskeli nafasi. Treni inapanda yenyewe kwenye bonde la Stroud, inapenya handaki la Sapperton, inakushusha Kemble. Hapo uko juu ya paa tayari, karibu na chanzo cha mto Thames, na hujatoa jasho. Kutoka Kemble nenda Cirencester, halafu mashariki kupitia Ampney Crucis hadi Bibury kwenye mto Coln. Bibury ina safu maarufu ya nyumba za wafumaji wa zamani, na majira ya joto watalii hujaa, kwa hiyo jitahidi upite mapema. Baada ya hapo ndipo raha inapoanza: Ablington, Winson, Coln Rogers, Fossebridge, kisha Yanworth na lile jumba la Warumi la Chedworth, mpaka Withington. Kuanzia Bibury, njia karibu yote inafuata mto. Unapanda, lakini kwa unyenyekevu, hata hujui kama unapanda. Baada ya Withington kuna mwinuko mmoja wa kweli, ukiumaliza unauona ukingo wa ukuta na Cheltenham imelala chini yako. Unashuka, unapanda treni ya dakika chache kurudi Gloucester. Ni kilomita 50 hivi.

Katika safari hiyo kuna kanuni ambayo ningependa uishike kuliko majina ya vijiji. Mito ya mgongoni mwa Cotswolds, yaani Churn, Coln, Leach, Windrush na Evenlode, yote inafuata mteremko wa paa kwenda kuungana na Thames, na kila mmoja umejichimbia bonde. Ukiendesha sambamba na mto, unastarehe. Ukiikata mito, unatumbukia bondeni na kupanda upande wa pili, halafu tena, halafu tena, na mwisho wa siku umepanda mlima mzima bila kuuona hata mara moja. Watu wawili wanaweza kuendesha kilomita 50 katika wilaya ileile, mmoja akarudi anaimba na mwingine akarudi hoi, na tofauti yao ikawa ni ramani tu.

Nunua basi ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, ile ya kipimo cha 1:50,000. Simu inakupa njia fupi, lakini ramani inakuonyesha umbo la nchi. Mistari ya mwinuko imepishana kwa mita 10, ikibanana, jiandae. Penye kilima kikali barabara imechorwa mshale: mmoja ni asilimia 14 hadi 20, miwili ni zaidi ya 20. Mishale miwili uiache kwa mwaka huu. Barabara unazozitaka ni za rangi ya njano. Hata hivyo, si kila njano ni tulivu. Kinjia cha njano kinachokwenda sambamba na barabara kuu kati ya miji miwili huwa ni njia ya mkato ya watu wanaowahi kazini, na saa mbili asubuhi siku ya kazi kinapitwa kwa kasi ya kutisha. Kinachokwenda kijijini na kuishia huko, au kinachozungukazunguka kama kimepotea, hicho ndicho chako.

Namna ya kupanda, sasa. Gia hubadilishwa kabla ya kilima. Ukisubiri pedali iwe nzito ndipo ubadilishe, cheni inalia, inakwama, wakati mwingine inatoka kabisa. Ukiona mwinuko, shusha gia mapema, keti, mikono juu ya usukani pale palipo bapa, mabega yalegee. Theluthi ya kwanza panda kwa pumzi ambayo ingekuruhusu kusema sentensi nzima. Karibu wote ninaowaona wakishindwa na kilima wameshindwa katika mita 100 za mwanzo, kwa kukivamia na kasi waliyotoka nayo bondeni. Simama juu ya pedali pale tu mwinuko unapokaza ghafla, mizunguko kumi au ishirini, kisha keti tena. Kwenye kona, upande wa ndani huwa mkali kuliko wa nje. Na ukilazimika kusimama katikati, usijaribu kuondoka baiskeli ikielekea juu moja kwa moja. Hakikisha hakuna gari, ielekeze kukata njia, pedali moja iwe juu, sukuma, keti, ndipo uigeuze. Kusukuma kwa mguu nako hakuna ubaya. Mimi bado nasukuma baadhi ya vilima mwezi wa kwanza wa mwaka.

Hofu yako ya vinjia vyembamba sitaidharau, maana ina msingi. Zaidi ya nusu ya vifo vya barabarani Uingereza hutokea kwenye barabara za mashambani. Kile kibao cha duara jeupe chenye mstari mweusi wa mshazari, ukikiona mwanzoni mwa kinjia, maana yake ni ukomo wa kawaida wa taifa: maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97, hata kama njia haitoshi magari mawili kupishana. Dereva mwenye akili haendi hivyo. Lakini sheria haimkatazi, na wewe hujui ni dereva gani aliye nyuma ya kona.

Kwa hiyo shika kanuni ya nusu. Kwenye njia ya gari moja, kasi yako iwe ile inayokuwezesha kusimama ndani ya nusu ya umbali unaouona mbele. Nusu, kwa sababu nusu ya pili ni ya yule anayekuja. Kona ikikuonyesha mita 30, zako ni 15. Kwa kilomita 25 kwa saa, lami kavu na breki nzuri, utasimama ndani ya mita 12 au 13, ukijumlisha sekunde moja ya akili kushtuka. Kwa kilomita 40 kwa saa utahitaji kama mita 25, na hizo huna. Mvua ikinyesha, na breki zako zikiwa za kubana rimu, ongeza nyingi.

Kanuni hii niliilipia. Mwaka wangu wa pili hapa nilikuwa nateremka kinjia chenye ua mrefu, jua zuri, najiona bingwa. Nyuma ya kona kulikuwa na trekta linalovuta tela la nyasi, limejaza njia kutoka ua hadi ua. Dereva wake alikuwa anakwenda mwendo wa mtu anayetembea, hakuwa na kosa lolote. Nilichagua ua badala ya chuma. Miiba ya pale ni kama ya michongoma ya kwetu, na nina kovu kwenye mkono wa kushoto mpaka leo. Yule mkulima alishuka, akaniketisha kando, akanimwagia maji kwenye mkono, akasubiri mpaka nikaacha kutetemeka. Kilichoniumiza ni kwamba nilikuwa nimetumia mita zote nilizoziona, pamoja na zile zilizokuwa zake.

Breki ni kabla ya kona, kamwe si ndani yake. Kwenye mteremko shika sehemu ya chini ya usukani, kule pembe zinakoishia, vidole viwili juu ya breki: huko mkono una nguvu zaidi na mwili unashuka chini. Tumia masikio pia. Acha vile vya kusikilizia muziki nyumbani. Kwenye ukimya wa mashambani gari linasikika mapema, ila magari ya umeme yamepunguza faida hiyo. Na washa taa mchana, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Vinjia vingi vimefunikwa na miti kama handaki, na dereva anayetoka juani akaingia kivulini kwa sekunde mbili haoni kitu.

Gari likija nyuma yako, usijibanze kwenye ua. Najua silika inakuambia hivyo, kwa sababu nyumbani basi likipiga honi tunaingia vumbini. Hapa fanya hesabu nyingine. Kanuni za barabarani zilizorekebishwa Januari 2022 zinamtaka dereva anayekupita kwa mwendo wa hadi maili 30 kwa saa akuachie angalau mita 1.5, na zaidi akienda kasi zaidi. Gari lina upana wa mita 1.8. Jumla ni 3.3, na bado hatujauhesabu mwili wako. Kinjia chenyewe kina mita tatu. Maana yake pale hakupitiki, na ukijibanza pembeni unamdanganya kwamba panapitika. Kaa katikati ya njia, aone wazi kwamba lazima asubiri. Kanuni hizohizo zinakuruhusu kufanya hivyo kwenye barabara tulivu. Ukifika mahali palipopanuliwa kwa ajili ya kupishana, au kwenye lango la shamba, sogea kushoto, simama kama inabidi, mpungie mkono apite. Wengi watapunga pia. Ukimzuia mtu sekunde 40 hujamkosea. Ukimzuia dakika tano huku kukiwa na nafasi za kutosha, hapo umemkosea.

Farasi utakutana nao sana. Usiwatokee kimya. Ukiwa mbali bado, salimia kwa sauti ya kawaida, mpanda farasi akusikie na farasi ajue wewe ni binadamu. Pita taratibu, upande wa kulia, kwa nafasi kubwa. Kwenye vile vyuma vilivyolazwa barabarani kuzuia mifugo, pita wima, bila kukata kona na bila kugusa breki. Mto ukipita juu ya barabara, kama pale Upper Slaughter, shuka uvuke kwa kidaraja cha waenda kwa miguu, kwa sababu sakafu ya mto ina utelezi wa mwani usiouona.

Na miiba. Kuanzia Septemba hadi Februari wakulima wanapunguza ua kwa mashine za kukatakata, kwa kuwa kanuni haziwaruhusu kuukata kati ya 1 Machi na 31 Agosti, ndege wakiwa wanalea. Vipande vya miiba hutapakaa njiani. Ukiona ua umekatwa upya, wa rangi nyeupe kama mfupa, pita polepole, kisha simama ukague tairi zote mbili kwa macho, utoe mwiba kabla haujazama. Beba tyubu mbili, pampu, viraka na solusheni. Wewe wa Shinyanga sina haja ya kukufundisha kuziba pancha. Ila upepo usijaze mpaka namba ya juu iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Kwa tairi ya 28 na mwili wako, paundi 60 hadi 70 zinatosha, na baiskeli itashika lami vizuri zaidi kwenye tope na kokoto zinazolundikana katikati ya kinjia.

Kuhusu ushauri wa shemeji, mwambie kwa heshima zote kwamba namwelewa. Anatafuta nafasi, na barabara kuu inaonekana kuwa nayo. Lakini chukua mfano wa barabara kuu ya A417 inayopanda kutoka Gloucester kuelekea Cirencester: malori makubwa mchana kutwa, na upana anaouona umejazwa na mwendo. Kwenye kinjia, nikiendesha kwa kanuni ya nusu, usalama wangu kwa sehemu kubwa uko mikononi mwangu. Kwenye barabara kuu nimeukabidhi kwa mtu ambaye yupo nyuma yangu, simwoni, na huenda anatazama simu. Kama bado ana wasiwasi, na ana haki ya kuwa nao, mwalike aje Kemble na wewe. Mwenyewe ataona.

Umeuliza pia kama utashangaliwa. Nitakujibu kwa niliyoyaona kwa miaka mingi ya kuendesha huku. Watu watakutazama. Kijiji cha nyumba 30 humtazama kila mgeni, na wewe watakutazama sekunde moja zaidi. Ukiwahi kusalimia, mara nyingi ile sekunde inakwisha na mazungumzo yanaanza: umetoka wapi, mvua itanyesha, ng'ombe wameonekana huko juu? Mara chache nimepigiwa kelele za kijinga kutoka kwenye gari linalopita, na sitakuficha kwamba inauma. Hayo hayajawahi kunizuia kurudi Jumapili iliyofuata. Safari za mwanzo nenda na wenzako wa wodini. Na ujue kwamba hupo pale kwa hisani ya mtu. Tangu 1888 sheria ya Uingereza inaitambua baiskeli kuwa chombo halali cha barabarani. Chama cha waendesha baiskeli kinachoitwa leo Cycling UK kimekuwepo tangu 1878, na ukijiunga nacho unapata bima endapo utamgonga mtu. Vyama kama hicho ndivyo vilivyosimika, mwishoni mwa karne ya 19, vibao vya mwanzo vya kuonya kwamba kilima kilichoko mbele ni cha hatari. Hofu yako ya mteremko ilikuwepo huku kabla ya magari.

Machache ya haraka. Kula kabla hujasikia njaa: kitu kidogo kila dakika 40, ndizi au andazi, na chupa ya nusu lita ya maji kwa saa. Beba koti jepesi la kuzuia upepo, ulivae kileleni kabla ya kushuka. Jasho la kupandia ndilo linalokugandisha kwenye mteremko. Asubuhi yenye baridi ya chini ya nyuzi 3 usiende kabisa kwenye vinjia, kwa sababu barafu hukaa kwenye kivuli cha ua mpaka adhuhuri. Na usiende siku uliyotoka zamu ya usiku. Kilima unaweza kukipanda ukiwa na usingizi, lakini kukishuka ni hatari.

Mpaka mwezi wa tano una majuma ya kutosha. Fanya ile ya Kemble mara mbili, jumapili mbili tofauti. Mara ya tatu, geuza: badala ya kupanda na mto Coln, kata kutoka Coln kwenda Windrush, uonje kutumbukia na kupanda. Ukimaliza hiyo bila kulia, kilomita 60 za wenzako zitakuwa ni kuongeza saa moja tu. Ukuta wa Gloucester uache mpaka majira ya joto, na gia mpya zikiwa zimeshafungwa.

Hesabu hayo meno kesho, mwanga ukiwa mzuri. Niandikie namba mbili, ya sahani ndogo ya mbele na ya sproketi kubwa ya nyuma, na kama utaweza upige picha ya mkono wa nyuma unaohamisha cheni, kwa ubavu. Nitakuambia cha kumwagiza fundi, na cha kutokubali akuuzie.